Mahindi Yangu ya Vitamini Yamepauka

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira, mimi nauza unga na mahindi sokoni, shule niliiaga mapema ila mdomo ninao, na miaka mitatu iliyopita nilipata mbegu za yale mahindi ya rangi ya chungwa yenye vitamini A ya macho, yakatoka yanawaka, nikaweka kibao UNGA WA MACHO, wateja wakajaa, na kila msimu natoa mbegu kwenye mavuno yangu maana siwezi kununua kitu ninacho, sasa juzi shemeji, dada wa mke wangu, ninayempa unga huo mwaka mzima kwa ajili ya binti yake asiyeona jioni ikiingia, kaja mezani kwangu, kachota mahindi kiganjani mbele ya watu, kasema, "Shemeji, hii rangi ya meno ya mvuta sigara ndiyo vitamini?" nikamwambia njano ni njano, akasema mtoto bado anapapasa ukuta na mimi ni tapeli, soko zima likacheka, mimi mchekeshaji nikachekwa, na kweli yamepauka kidogo lakini mbegu ni ileile, hata jirani anayelima mahindi meupe ng'ambo ya mfereji ni shahidi, na huyo mtoto tunapendana, namwita Kipapasio, anacheka mwenyewe, basi mwambie mama yake aniombe radhi.

Muuza Unga Niliyeaibishwa

Muuza Unga, pole kwa kuchekwa. Sasa kaa nikuseme.

Huyo shahidi wako ndiye baba wa mahindi yako. Hindi lina baba na mama kama wewe: mama ni zile ndevu zake, baba ni ule unga wa mbelewele, yale maua ya kileleni, na upepo unapoubeba hauulizi mfereji ni wa nani. Misimu mitatu meupe yamezaa na yako, na meupe hayana hiyo vitamini ya kurithisha. Unachouza ni wajukuu machotara. Ile rangi ya chungwa ndiyo vitamini yenyewe. Ilipopauka uliiona, kwa macho yako mazima, na kibao ukakiacha juu.

Na unamwita mtoto anayepoteza macho Kipapasio. Anacheka kwa sababu wewe ni mtu mzima na yeye hana la kufanya. Mimi nimekasirika kuliko shemeji yako.

Shusha kibao leo. Mbegu nunua mpya kila msimu, kwa wanaozizalisha, na uzipande mbali na jirani au mpishane kupanda mwezi mzima. Lakini hayo yatangoja, macho hayangoji mavuno. Kesho funga meza, nenda kwa shemeji, omba radhi wewe, kisha mshike binti mkono mpaka zahanati, wampime na kumpa dawa.

Nenda asubuhi, bado anakuona.