Fungu la Kaka Magesa

Mama, shikamoo.

Nimefika Mwanza salama, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito. Leo nilikwenda hospitalini, kwenye wodi alikolazwa kaka Magesa alipotoka vitani Uganda. Imepakwa rangi mpya na wauguzi wote ni wasichana. Walinipokea vizuri, lakini hakuna anayemjua.

Nikateremka ziwani kutafuta chakula. Siku hizi viwanda vinachukua minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya, huku inabaki mifupa na vichwa. Mama mmoja anayekaanga pale ufukweni akaniwekea kichwa juu ya ugali. Nikamwambia sitakila. Kwetu kichwa cha samaki ni cha kaka yangu mkubwa, na tangu afe kwa majeraha ya vita, wewe hukirudisha chunguni.

Akaendelea kugeuza samaki wake. "Alikufa na miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

Akazitazama mvi zangu. "Basi mkubwa ni wewe sasa, baba. Kula."

Nimekila, mama, mpaka macho. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililonichosha kuliko safari.

Nakuombea magoti yapoe na mvua isikuchelewee shambani. Nikirudi, siku ukipika samaki, kichwa usikirudishe tena chunguni. Niwekee mimi.

Mwanao,
Mafuru