Maji ya Ondieki

Jumatatu, 3 Novemba
Asubuhi nilikuwa mji wa Crystal, huku ughaibuni, kwenye ile nyumba ya mazishi. Nimechota sampuli kwenye tangi, nimepima. Magadi yamezidi. Nimewazuia kumwaga mpaka wayapunguze. Meneja kanuna. Anune tu. Nimeajiriwa kulinda mfereji wa majitaka, si kupendwa.
Watu hudhani kuna moto wa kuchoma maiti. Hakuna. Ni maji moto na magadi. Nyama yote inayeyuka, mifupa inabaki, inasagwa, familia inapewa. Maji yanakwenda mferejini pamoja na ya bafuni.

Jumatano, 5 Novemba
Ondieki amefariki. Moyo. Alikuwa kwenye zamu yake, hospitalini Saint Paul. Kaka yangu wa pekee.
Siwezi kuandika.

Ijumaa, 7 Novemba
Wifi yangu Moraa kasema wazi: Ondieki alitaka mashine ya maji, na pale pale Crystal. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshaanza mipango ya kusafirisha mwili kwenda nyumbani Kisii. Chai ikapoa. Mmoja akauliza, "Yaani atamwagwa?" Nimemchukia. Hakukosea, ndiyo maana.

Jumamosi, 8 Novemba
Mama kapiga kutoka Kisii. Hakulia.
"Mifupa nitaipokea. Lakini mwanangu si mifupa tu. Niletee na yale maji, hata kwenye mtungi."
Nikamweleza sheria. Hakuna tone linalotoka pale ila kwa mfereji.
"Si ni wewe unayefunga na kufungua? Wewe ndiye serikali huko."
Ndivyo tulivyo. Ukiwa na mtu ofisini, kila kitu kinawezekana. Miaka yote anajisifu sokoni kwa ajili ya kazi yangu, na leo kwa mara ya kwanza ameniomba kitu.

Jumatatu, 10 Novemba
Bosi kaniondoa kwenye kituo kile kwa sababu ya undugu. Mwenzangu ndiye atakayepima. Haki yao. Ningefanya vivyo hivyo.
Jioni meneja kanipigia. Pole nyingi. Halafu: anaweza kunijazia mtungi kimyakimya, mradi ripoti yangu ya wiki jana ipotee. Kumbe msiba wangu ni nafasi kwake. Nikakataa, kwa ile sauti yangu nzuri ya ofisini. Nikaegesha gari njiani, Golden Valley, nikalia mpaka vioo vikaingia ukungu. Mshenzi yule. Na mimi pia, maana nilishafikiria mtungi wa ukubwa gani.

Jumatano, 12 Novemba
Yamemwagwa. Mwenzangu kaniandikia kwamba kipimo kilikuwa safi kabisa. Alidhani ananifariji.
Nimemwambia Mama ukweli wote, hata ule wa meneja.
"Moraa alete mifupa. Wewe baki na sheria yako."
Kakata simu.

Alhamisi, 20 Novemba
Mazishi ni kesho. Mimi nimebaki huku. Moraa alishafika Kisii na mifupa.
Mama hajapiga tena. Binamu ndiye kaniandikia. Watalaza mgomba ndani ya jeneza, na mifupa kando yake, kama wanavyofanyiwa watu ambao miili yao haikurudi. Mgomba utavishwa suti ya harusi ya Ondieki. Mama anauliza waukate urefu gani.
Nimesimama jikoni, mkono juu ya utosi wangu. Nikauinua kidogo. Nikauinua tena.
Nimemjibu: ananizidi kwa kichwa kizima.