Sauti Niliyokuwa Nikiifuta

Mpendwa mshauri,

Naandika huku nimembeba mwanangu mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukiyumba nivumilie, na shule yenyewe niliiacha njiani, lakini nina jambo linaninyima raha na humu ndani sina wa kumwambia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ameanza kukaa mwenyewe juzijuzi, tunamwita Bosi kwa sababu akilia nyumba nzima inasimama. Nafuma vikofia na visweta vya watoto, na kaka yangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, alinipa laptop yake ya zamani na maiki ndogo ya kubana kwenye kola, akanielekeza namna ya kujirekodi ili nifundishe kinamama wenzangu, basi laptop naipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa ili kamera ione mikono, nafunga mlango na dirisha kelele za mtaani zisiingie, Bosi mgongoni, naanza, "Jamani karibuni, leo tunashika kola," na watu wanatazama kweli, wananiita mwalimu, mimi huyu.

Sasa video zangu zilikuwa na mlio. Mlio mwembamba, fiii, fiii, nyuma ya sauti yangu. Mtazamaji mmoja akaniandikia, "Mwalimu, epua birika jikoni!" tukacheka sana. Kaka akasema, "Hiyo ni feni ya laptop, dada, au waya umechoka," akanionyesha jinsi ya kusafisha, unachagua kipande ambacho huongei, unaiambia programu huu ndio uchafu, nayo inaupangusa kwenye video yote. Nikawa nasafisha kila video kabla ya kuituma, mlio unaisha, nami nafurahi kazi imetoka nzuri.

Juzi mama mkwe akamchukua Bosi akakaa naye nje kivulini, nikarekodi peke yangu. Nilipoutafuta mlio niusafishe, haupo. Nikasema afadhali, waya umepona wenyewe. Halafu mkono ukapapasa mgongoni nilipozoea kumbeba Bosi, mgongo mtupu, nikafungua video ya zamani ambayo sijaisafisha, nikavaa hedifoni, nikasikiliza pale ninapohesabu vitanzi kimoyomoyo. Fiii. Kimya. Fiii. Mshauri, feni haipumziki namna ile. Mahali fulani mlio ukakatika, ukachelewa, na mimi nikabana pumzi nikiungoja urudi, na kwenye video niko palepale nafuma, natabasamu. Mimi mwenyewe nimeifundisha mashine kwamba pumzi ya mwanangu ni uchafu.

Nikamwambia mama mkwe. Akanicheka. "Ukoo huu wote tunapumua kwa sauti, mwanangu. Mumeo akilala si utadhani trekta?" Nikamuuliza, mama, mbona akinyonya anaachia ziwa, ahema kwanza, ndipo arudi? Hapo akakasirika. "Basi ni hiyo mitambo unayojifungia nayo ndani na mtoto wa watu! Kamwambie mumeo hivyohivyo." Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini, na alishasema siku video zikimdhuru mtoto, laptop itaishia jalalani. Naogopa kwenda hospitali nikaambiwa kweli, mama, ni wewe. Na naogopa kutokwenda. Siku hizi hata Bosi akilia sauti haifiki mlangoni, na kila akinyamaza namwekea kiganja puani. Nimsubiri baba yake arudi? Au bado inaweza kuwa waya? Natamani iwe waya. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mama Bosi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Bosi, si waya. Na unajua si waya, ulijua pale ulipopapasa mgongo mtupu.

Pole, mwanangu. Hukumfuta mtoto wako. Ulifuta kelele uliyoambiwa ni ya mashine, tena na mtu anayezijua mashine, kwa hiyo mzigo huo utue. Ila tangu siku ile unajua, na bado umekaa ukaandika, ukatafuta bahasha, ukaipeleka posta! Hapo nakugombeza. Miguu iliyokufikisha posta ingekufikisha kwa daktari.

Unaogopa kulaumiwa. Daktari ataweka kipimo chake kifuani kwa Bosi, si kwako. Kama chumba kilichofungwa kimechangia, atakwambia, nawe utafungua dirisha na wanafunzi wako watavumilia kelele za mtaani. Mumeo mpigie ukiwa njiani, usimwombe ruhusa, mpe habari. Akitaka kuitupa laptop, mwambie aisikilize kwanza. Na mama mkwe usibishane naye. Mwambie, "Mama, nisindikize." Amecheka kwa sababu naye ameogopa, mimi nawajua wakwe, mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Ibebe ile video isiyosafishwa. Watoto wana tabia ya kutulia mbele ya daktari, mama ukaonekana una wasiwasi wako tu. Msikilizishe. Na usisafishe tena hata sekunde moja mpaka upate jibu.

Kinamama wengine mnaosoma: mtoto akipumua nyama ya chini ya mbavu ikadidimia, pua ikatanuka, midomo ikabadilika rangi, akakataa ziwa au akawa mzito kuamka, usingoje kuche, usingoje mume, usingoje gazeti.

Kwa maana hata mimi sikulingoja. Gazeti hili lina siku yake ya kutoka, na barua hii haikuwa ya kukaa kwenye foleni, kwa hiyo nilipoimaliza nikageuza bahasha nikapiga namba. Ulipokea, Mama Bosi. Nikakusikia wewe, na nyuma ya sauti yako nikamsikia na yeye. Ukaniambia kwa adabu, "Samahani mshauri, naona kuna kelele, subiri nimshushe mtoto tusikilizane vizuri."

Nikakujibu kama ninavyokujibu hapa mbele ya wote. Usimshushe. Legeza kitambaa, mhamishie kifuani umwone uso, laptop kwapani, toka.