Harusi ya Kuzuia Malori

Mpendwa Bi Sittou,

Naomba msaada wako, tena ujibu kabla meli ya jeshi haijarudi Mahajanga, maana baada ya hapo jibu halitanifaa. Mimi ni mshonaji hapa Mahabibo, nina miaka ishirini na mitatu, na kaka yangu Chaher alichukuliwa kwa nguvu kwenda kupigana Indochina, na sisi wanawake wenye ndugu kambini tukaapa pamoja na wapakizi wa bandarini kwamba meli ile haitapata mtu wala risasi. Tulijua matishali ya kuwapeleka ndugu zetu melini hayaelei maji yakishakupwa, kwa hiyo tukizuia malori yanayowatoa kambini kwa saa mbili tu tumeshinda, ndipo Fazul, mmoja wa wapakizi, akasema tufanye harusi ya uongo, kwa sababu harusi yetu ikipita na ngoma hata Mfaransa husimama. Polisi wakakataa kutoa ruhusa ya ngoma bila kuona cheti cha ndoa, basi baba akaja kutoka Andoany anakopika mafuta ya langilangi, akakaa kama walii wa kuniozesha, Mwalimu Attoumane asiyejua lolote kuhusu hila yetu akasoma nikaha mbele ya mashahidi, mahari ikatajwa cherehani kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Fazul akasema amekubali, na tukatoka pale tunacheka. Na hila ile ilifaa, Bi Sittou, nilijikokota njia nzima nimepakwa liwa, kina mama wakaketi mbele ya malori wakiimba, maji yakapwa, matishali yakalala matopeni, meli haikungoja, na nilimwona Chaher kwenye lori la pili ananitazama huku analia, kabla hawajarudishwa kambini. Sasa meli inarudi, tumepanga kukaa tena barabarani, na Fazul ananiambia, "Wewe ni mke wangu, na mke wangu haendi. Safari hii askari watapiga risasi." Nikimwambia ulikuwa mchezo, anasema nikaha haina mchezo. Naogopa dhambi, na naogopa zaidi kumwacha kaka yangu apelekwe. Je, mimi ni mke wa mtu? Na kama ni mke, nimtii?

Bi Harusi, Mahabibo

Bi Harusi mwanangu,

Majina yenu nimeyabadilisha na siku nimeifuta, maana unaandika kama mtu asiyejua kwamba polisi nao hununua gazeti hili.

Kwanza nikugombeze. Baba mzima na ndevu zake, mashahidi, mahari, "nimekubali", halafu mnatoka mnacheka? Fazul amesema kweli. Wewe ni mke wake tangu siku ile. Nendeni wote watatu mkamwombe radhi Mwalimu, mliyemtumia bila kumwambia.

Lakini huyo Fazul aliyekumbuka sheria, mbona amekumbuka nusu? Cherehani iko wapi? Mke ambaye mahari yake haijamfika mkononi hafungiwi mlango. Mwambie hivyo mbele ya baba yako, kwa adabu, na usipandishe sauti. Simcheki kwa umaskini wake. Namcheka kwa kujifanya bwana nyumbani kabla hata nyumba hajawa nayo.

Najua anaogopa risasi, na ana haki ya kuogopa. Mimi pia naogopa. Mwanangu Boinali alipelekwa katika vita vilivyopita. Siku ile nilisimama gatini nikampungia leso kama wenzangu wote, na kilichorudi ni karatasi yenye mhuri. Hakuna aliyekaa barabarani. Mpaka leo nikiiona leso ile sandukuni naona aibu.

Basi fanya hivi. Harusi ya uongo isirudiwe, wala msimtafute bi harusi mwingine. Acheni ngoma, acheni liwa, msiombe ruhusa ya mtu. Vaeni nguo zenu za kila siku mkakae mkiwa dada na mama wa wale walio ndani ya malori, na mkiulizwa, semeni hivyo hivyo. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Fazul akitaka kuwa mume, aje aketi kando yako. Hawezi, akupe talaka kwa heshima, na kwa kuwa hamjaingia ndani kama mume na mke, nusu ya cherehani ni haki yako. Chukua gurudumu.

Na mniwekee nafasi mbele ya lori la kwanza. Magoti yangu ni mabovu, na nikishakaa chini, kuninyanyua ni kazi ya watu wanne.

Bi Sittou