Nilikimbia Hadi Mchinga kwa Mke wa Selemani Miguu

Jumatano, Lindi. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alasiri na mpaka sasa haijakata. Mume wangu yuko sebuleni na redio yake. Mimi nimekaa kwenye cherehani, simu mkononi, bila kushona chochote.

Sina furaha, sina huzuni. Nina hasira kidogo, na nina nia.

Nianzie Jumapili, maana mambo yote yameanzia hapo.

Wanaosoma ukurasa huu ni wachache, lakini wanajua kwamba nakimbia. Mtaani kwetu Rasbura wanajua zaidi, na wameshachoka kunisema. Mwanzoni walisema nimerogwa. Baadaye wakasema kuna mwanamume namfuata huko Mitwero. Siku hizi wananisalimia tu na kupita. Mwanamke wa makamo, fundi wa nguo, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, suruali niliyojishonea mwenyewe, alfajiri peke yangu kando ya lami. Wamenizoea.

Aliyenitia kwenye mbio ni marehemu Selemani, ambaye mji mzima ulimwita Selemani Miguu. Kwa msiomjua, alikuwa utingo wa lori enzi zile barabara ya Kilwa ilipokuwa matope matupu. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila mwenye uwezo kanunua lori bovu na kulijaza korosho, saruji au mitumba, na kila masika malori yale yalikwama. Kifaa kikivunjika porini, dereva alitandika turubai akalala kusubiri msaada. Selemani alivua viatu akakimbia mpaka mjini kutafuta spea, kisha akarudi nayo mgongoni. Hivyo ndivyo alivyogundua kwamba anaweza kukimbia kutwa nzima na kesho yake akakimbia tena.

Lami ilipofika, malori yakaacha kukwama. Selemani akaendelea kukimbia bila spea. Lindi mpaka Nangurukuru. Lindi mpaka Masasi. Alipandisha kwa Wamakonde mpaka Newala, na watu wa kule wakadhani anakimbia polisi. Aliwahi kualikwa kwenye mbio ndefu za milimani huko kaskazini akawaacha vijana wenye viatu vya maana. Redio ilimtaja siku hiyo. Yeye mwenyewe hakuwa na habari nayo.

Mimi nilimjua kwa sababu ya kaptula. Aliniletea nimshonee mfuko nyuma ya kiuno, wa kuwekea tende na chumvi. Siku ya kuichukua akaniuliza kama huwa nainuka kwenye kile kiti. Nikamwambia nainuka kuswali na kupika. Akasema Jumapili niende tukimbie hadi Kikwetu, nikishindwa tutarudi tunatembea. Nilishindwa kabla ya Mitwero, tukarudi tunatembea. Hakunicheka, wala hakunipongeza. Jumapili iliyofuata nilikwenda tena.

Alifariki mwaka jana. Walimkuta asubuhi amekaa kizingitini kwake, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Mji ukasema mbio zimemuua.

Tangu siku hiyo mume wangu hana raha nikitoka. Ni mtu mpole, ana duka la vifaa vya baiskeli kule Mtanda, na katika ndoa yetu hajawahi kunikataza jambo. Lakini mwezi uliopita nilipomwambia kwamba nataka kukimbia barabara yote ya Selemani, kuanzia Nangurukuru mpaka hapa, ili watu wamkumbuke, aliweka kijiko chini.

"Mama Swaumu," akaniambia, "mimi sitaki kwenda kuuchukua mwili wa mke wangu barabarani."

Nikainuka nikaosha vyombo.

Nikakaa na maneno hayo siku nyingi. Mwisho nikajiambia, kuna mtu mmoja tu anayejua Selemani alikufaje, na nadhani hakuna aliyemuuliza. Mjane wake, Bi Zuhura, alipomaliza eda alirudi kwao Mchinga, kwenye barabara hiyohiyo. Nikaamua kwenda kumuuliza. Na nikaamua kwenda kwa miguu. Sikuwahi kufika mbali hivyo, lakini niliona si haki kwenda kuuliza habari za Selemani nikiwa nimekaa kwenye basi. Mume wangu alisema mabasi yapo. Nilipomwambia nitakimbia, akaniwekea vocha kwenye simu.

Jumapili nikatoka baada ya swala ya alfajiri. Mawingu yalikuwa chini, hewa nzito, lami bado ina unyevu. Mpaka Mitwero nilikuwa mzima kabisa. Nilijiona mwepesi, hata nikaanza kuwaza jinsi watakavyonipokea siku ya kuingia mjini nikitokea Nangurukuru. Najua ni ujinga, lakini niliwaza.

Kwenye mkonge wa Kikwetu, pumzi ikaniishia.

Miguu ilikuwa sawa. Kilichogoma ni kifua. Moyo ulikuwa unagonga mpaka masikioni, na pembeni ya macho kukawa na vumbi jeusi ambalo halikuwepo barabarani. Nikainama, mikono magotini. Nikasikia basi linakuja kwa nyuma. Konda akatoa kichwa, akaniita mama, akasema nafasi ipo. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda.

Nikaurudisha. Basi likapita.

Selemani akichoka alikuwa na mchezo wake. Alitaja vipuri vyote alivyowahi kubeba mgongoni, kimoja kimoja, kwa sauti: springi, klachi, pampu ya dizeli. Mimi sijawahi kubeba klachi. Nikaanza kutaja nguo ninazodaiwa. Gauni la bi harusi wa Ng'apa. Sare za watoto wa shangazi yake mume wangu. Kanzu ya mtu ambaye kila wiki nampiga kalenda. Nikatembea nikitaja, nikakimbia nikitaja, nikatembea tena. Hivyo hivyo nikapita Mbanja, na jua lilikuwa limeshapanda sana nilipoiona Mchinga.

Bi Zuhura alikuwa nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na gari gani?"

Nikamwambia nimekuja kwa miguu, nimekimbia kutoka Lindi.

Nilitegemea atafurahi. Njia nzima nilikuwa nimeiona sura yake ikifurahi. Badala yake aliviangalia viatu vyangu, akakunja uso. Alinipa maji. Akainjika mihogo, akasubiri iive, akanitengea na chumvi na pilipili, akakaa kunitazama nikila kama anayemlisha mgonjwa. Nilipomaliza nikamweleza nia yangu, na maneno ya mume wangu, na yale yanayosemwa mjini. Nikamuuliza kama ni kweli.

Akanisimulia taratibu, bila kulia. Kwamba kabla hajafa Selemani alikuwa anashika kifua upande wa kushoto na kusema ni gesi. Kwamba aliwahi kuanguka huko Mbwemkuru, akaletwa na wapita njia, akawaapisha wasiseme. Kwamba alikwenda hospitali peke yake, akaambiwa moyo una tatizo, apunguze, atumie dawa na arudi kuangaliwa. Hayo yote mkewe hakuambiwa. Aliyajua siku alipopanda juu ya stuli kufuta vumbi juu ya kabati, akavikuta vidonge, pakiti hazijafunguliwa. Alipomuuliza, Selemani alimwambia daktari ni mtoto, hajui miguu yake imetoka wapi. Kesho yake akakimbia.

"Watu wanakuja kunipa pole, wananiambia mume wangu alikuwa shujaa," akasema Bi Zuhura. "Shujaa gani anaogopa vidonge? Mbio hazikumuua, mwanangu. Aliambiwa, akakataa kusikia."

Kisha akaniuliza, "Na wewe umepimwa?"

Nikamwambia mimi si mgonjwa.

"Yeye pia hakuwa mgonjwa," akasema, akaanza kukusanya maganda ya mihogo.

Nilirudi kwa basi. Nilikaa dirishani na sikuangalia nje. Sijawahi kumkasirikia mtu aliyekufa, na sikujua kwamba inawezekana. Nilimkasirikia kwa ajili ya mkewe, na kwa ajili yangu mimi, niliyetaka kukimbia siku mbili kwa jina lake. Nikawaza niache kila kitu. Nikawaza pia lile vumbi jeusi la Kikwetu, ambalo Bi Zuhura sikumwambia.

Jioni ile nilimweleza mume wangu yote, na vumbi pia. Nilijua angeweza kusema, si nilikuambia. Hakusema. Aliniambia yuko tayari kufunga duka siku yoyote twende hospitali.

Jumatatu nikasema nina sare za kumaliza. Jana nikasema mvua. Leo asubuhi aliniamsha yeye, ameshavaa, ameshika mwavuli.

Daktari ni msichana. Kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akanipima presha, akanipandisha na kunishusha ngazi fupi, akanituma nikatolewe damu. Tukasubiri kwenye benchi, mume wangu anasoma matangazo ya ukutani, yaleyale, mara nyingi.

Moyo wangu mzima. Nilitaka kusimama niondoke na jibu hilo.

Akaniambia nikae. Damu imepungua, na imepungua sana kwa mtu anayekimbia kama mimi. Ndiyo iliyonikata pumzi Kikwetu, na ningeendelea hivyo ningeanguka mwenyewe. Ameniandikia vidonge. Nile maini, dagaa, matembele. Nirudi nipimwe tena. Mpaka hapo, nisikimbie. Kutembea ruksa.

Nikamuuliza, je, nikikimbia polepole? Je, Jumapili tu? Je, hadi Mitwero? Nikasikia sauti yangu ikibishana naye kama mteja anayeomba kupunguziwa. Akasema hapana, kila mara kwa upole uleule. Na moyoni yakapita maneno, huyu ni mtoto, anajua nini yeye?

Nikashtuka. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo Jumapili, kutoka kinywani mwa mjane.

Nadhani hapo ndipo nilipomwelewa Selemani kwa mara ya kwanza. Mtu aliyevuka tope na simba, aliyefikisha spea mahali ambapo gari haliendi, halafu anakuja kijana wa koti jeupe kumwambia kaa chini. Inauma. Inauma kama tusi. Nimeyaelewa maumivu yake, na hasira yangu imepungua. Lakini yeye si mfano wangu kwa hili. Nitajifunza kwake kukimbia. Kusimama itabidi nijifunze mwenyewe.

Nilipofika nyumbani niliweka vidonge hapa mezani kando ya nyuzi, mahali ambapo kila mteja ataviona na kuniuliza.

Halafu nikampigia Bi Zuhura. Sikuwa nimepanga. Nikamweleza kila kitu kama nilivyoambiwa, damu, vidonge, katazo. Na kwamba sitakimbia mpaka niruhusiwe, lakini nikiruhusiwa nitakimbia, Nangurukuru mpaka Lindi, na kwamba kama hataki nitumie jina la mumewe sitalitumia.

Nikasikia mvua kwenye bati la kwake. Kumbe kule nako inanyesha.

"Siku utakayoruhusiwa, uniambie unapita hapa saa ngapi," akasema. "Nitakaa barabarani na maji. Yeye sikuwahi kumpelekea maji. Hakuwahi kuniambia anapita saa ngapi."

Nikamwitikia, nikakata simu, nikalia kidogo. Si sana.

Jina la mumewe hakulikubali wala hakulikataa. Nitamuuliza tena siku nikiwa nimekaa mbele yake.

Kwa hiyo hali ni hii. Nitakimbia barabara ile. Sijui lini. Nitakula dagaa mpaka nichukie bahari. Nitameza vidonge hata siku ambazo najisikia mzima, na hasa siku hizo. Na wale wa mtaani wakiniuliza mbona hatukuoni asubuhi, nitawajibu ukweli, kwamba nimeambiwa nisubiri na ninasubiri.

Kesho natembea hadi Mitwero na kurudi. Baba Swaumu ameuliza kutoka sebuleni tunaondoka saa ngapi.

Nimemwambia baada ya swala, na avae viatu, asije na kandambili.