Chuma cha Mbele

Tata yangu,

Kesho tunakuja kuondoa matanga yako, na mi naogopa. Nakwambia mapema ili usiseme nazungukazunguka. Ukoo mzima unataka kuvuka Ziwa Nzilo kwa mashua yako, ile nyeupe ya fibre, na atakayeiendesha ni mi, binti yako, mwenye ulimfundisha kuchanganya resini, ile gundi ya fibre, kabla hajajua kusonga bukari.

Mama amekataa mashua nyingine. "Sitaenda kwa bwana yangu mu bwato ya mutu mwingine," amesema, na unamjua Mama, akisema amesema. Hajui kuogelea, Tata. Na ng'ambo huko ulikozikwa hakuna gati, ni mawe na upepo tu. Watu wanashuka huku mashua nzima imeshikiliwa na kamba moja, na kamba imefungwa kwenye kile chuma cha mbele. Sasa sikia kilichonipata.

Tangu utuache, mashua ilikaa ufukweni majira yote ya mvua. Wiki hii nilipoishika niivute, chuma kikacheza mkononi mwangu kama jino la mtoto. Mume wangu Kasongo akacheka. Mkwe wako ni fundi wa makamioni kule Mutoshi, na kwake kila kinacholegea dawa yake ni kukazwa. "Hii ni kazi kidogo tu," akasema. Akavalisha bomba refu kwenye spana, kama anafunga gurudumu la lori la mgodi, akajitupa nalo kwa uzito wake wote. Mashua ikalia kwaa! Nyufa zikatawanyika kuizunguka bolti kama ganda la yai lililogongwa. Mama wee! Nilimwita kichwa cha nyundo mbele za watu. Sijamwomba msamaha, na simwombi leo.

"Fibre haiko chuma," ulikuwa unatuambia. "Ukiikaza na hasira, itakupasukia."

Nikafungua kila kitu. Ile mbao iliyo katikati ya ngozi mbili za fibre ilikuwa imeoza, nyeusi, inabanduka kwa kidole kama bukari ya jana. Maji yalikuwa yakipenya kidogo kidogo kwenye matundu ya bolti, na sisi kwa juu tunaona weupe tu. Nilikaa chini. Nikawaza tulivyokuwa tukivuka na wewe tukiimba, labda uozo huo tayari ulikuwa palepale chini ya kamba.

Halafu nikafanya ulivyonionyesha. Nikakwangua uozo wote mpaka nikafika kwenye mbao ngumu, nikaliacha jua likaushe, nikapiga msasa. Ila asubuhi za kiangazi huku kwetu unazijua zilivyo na baridi, resini ilikuwa nzito. Basi nikavaa koti lako na kuliweka kopo kwapani lipate joto, kama ulivyokuwa ukifanya, Mama akilalamika kwamba ameolewa na duka la rangi. Koti bado lina harufu yako. Hapo nililia, Tata, nimesimama tu na kopo kwapani.

Nikaichanganya resini na nyuzi za fibre zilizokatwakatwa, nikajaza tundu, nikabandika vitambaa vya fibre juu ya nyufa. Ilipokuwa ngumu kama jiwe nikatoboa upya, katikati ya resini yenyewe, ili bolti isiguse mbao tena. Chini nikaweka bamba pana la aluminiamu, mvuto usikae sehemu moja. Kila tundu nikalipaka gundi ya kuzuia maji. Kasongo alishika nati kwa chini, mi nikakaza kwa juu polepole mpaka gundi ikachungulia pembeni. "Basi," nikasema. Mkono wake ulitaka kuongeza kidogo, nikauona. Lakini aliacha.

Leo tumefunga kamba toka kwenye chuma mpaka kwenye mti, tukaiegemea wote wawili kwa uzito wetu. "Ikibeba mi, itabeba na batu," ndivyo ulivyokuwa ukisema ukining'inia hapo. Chuma hakikutikisika. Nikaingia chini na tochi, sikuona ufa. Nikarudi kuangalia tena. Nikarudi tena. Na bado najiuliza. Kama kuna uozo ambao kidole changu hakikuufikia? Kama upepo utatukuta Mama ameinua mguu mmoja? Ningemuuliza nani, Tata? Nilizoea kukuuliza wewe.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akisimama ukingoni kila safari, viatu bado mguuni? "Unaogopa?" Nawe unamjibu, "Sana." Ndipo anavua viatu na kuingia. Siku moja ukamtania, "Hata kidogo," akajitwisha mzigo wake akarudi nyumbani. Tulicheka mpaka machozi. Mi nilidhani ni utani wenu tu wa mtu na mke wake; kumbe alikuwa anamtafuta mwenye hofu, maana ndiye anayerudi kuangalia tena.

Pumzika, Tata, mwili wako ulichoka. Nakuahidi nitakuwa wa mwisho kushuka, na mkono wangu hautatoka kwenye chuma hicho mpaka miguu yote miwili ya Mama ikanyage jiwe. Kesho atasimama ukingoni na kuniuliza, najua ataniuliza. Nitamwambia ukweli.

Sana, Mama. Sana.