Goti Linauma, Daktari Anataka Nyonga

Mama Mshauri, nakuandikia kwa kuwa hapa nyumbani nimekosa wa kunisikiliza. Mdogo wangu Mektrida, mwenye miaka kumi na mitatu, anachechemea tangu mvua za vuli akililia goti, na mama alidhani anakwepa kubeba majani ya ng'ombe kutoka kule chini tambarare, mpaka mguu ukaanza kugeukia nje, ndipo akaitwa Mama Theopista, mkandaji ambaye pia ni mama wa ubatizo wa Mektrida, na kila Jumamosi analikanda goti kwa mafuta ya kondoo na kuuvuta mguu, mtoto anapiga kelele kihamba kizima, nyumba na migomba yote, kinasikia. Mimi ni mwalimu, nikampeleka Moshi mjini, na daktari akaukunja mguu, akapiga picha ya nyonga, akasema kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza na lazima kishikizwe kwa msumari wa chuma, alazwe papo hapo, lakini baba akaja kumtoa, akasema, "Goti linauma, anataka kutoboa nyonga! Ukiumwa jino atakukata sikio?" Wodi nzima ilicheka, hata mimi, kisha nikalia. Mama naye anauliza nani atamwoa msichana mwenye chuma mwilini. Nikibisha namvunjia heshima Mama Theopista, nikinyamaza mtoto atalemaa. Nifanyeje?

Salvina, Kibosho

Salvina, baba yako amenichekesha hadi chai ikanipalia. Lakini amekosea, nawe msomi unalia badala ya kumweleza! Mwambie hivi: kwa mtoto anayekua, kichwa cha paja hakijashikamana sawasawa na mfupa, kimekaa kama kifuniko juu ya chungu. Kikiteleza, maumivu husikika gotini, na watu hukanda pasipo na kosa. Mguu ukivutwa, kifuniko kinazidi kusogea. Msumari hukishikilia mpaka mfupa ukomae. Na mama ajue kwamba chuma hukaa ndani, hakuna mchumba atakayekiona. Mguu mfupi atauona tangu njiani.

Mama Theopista usimfukuze. Mpe shikamoo yake, kisha umwombe yeye ndiye ampeleke mtoto hospitali. Mama wa ubatizo akisema "twende", baba yako atamzuia nani?

Mektrida asikanyage chini hata hatua moja. Abebwe kwa machela hadi barabarani. Daktari aitazame na nyonga ya pili, maana nayo huweza kuteleza.

Usingoje Jumamosi. Kunja gazeti hili, kaite wanaume wanne wenye mabega. Wakipatikana watatu, pembe ya nne ya machela shika wewe.